Karavani, Pikapu na Muhogo wa Mama

Mume wangu aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala tangu kabla sijamjua, na Malaba nzima ilimwita Dere. Dere si jina, kila dereva wa barabara ile huitwa hivyo, lakini kwake lilimganda. Padri alimwita Dere. Watoto wetu walimwita Dere hadi mwalimu wao mmoja akadhani ndilo jina la ukoo. Hata mimi jina lake la kanisani nililikumbuka nikiwa na hasira tu.

Halafu akapatwa na kiharusi. Hospitali walisema ni kidogo, na kweli mdomo ulirudi mahali pake na mkono ukashika kikombe tena. Mguu wa kulia ndio ulibaki na maringo. Akiutuma unaenda, lakini unafikiria kwanza. Tajiri wa trela akamuaga vizuri, akampa saa ya ukutani, na watu wa Malaba wakaanza kumwita mzee. Walikuwa wanamheshimu. Yeye aliniambia, "Mzee ni nani? Mzee ni babako." Babangu alikuwa ameshakufa, lakini nilielewa.

Tulikuwa na pikapu yetu, kuukuu lakini nzima, na alipougua nikawa ninaiendesha mimi, kubebea mkaa na unga wa hoteli yangu ya chai pale karibu na maegesho ya matrela. Mume wangu hakukubali kuipanda nikiwa nimeshika usukani. Siku za kwenda mazoezi ya mguu alipanda boda boda, mguu wenyewe ukining'inia, nami nyuma yake na pikapu tupu. Haki, watu walitucheka. Nikimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mimi sijawahi kukaa kushoto. Kushoto ni ya taniboi."

Taniboi ni msaidizi wa dereva wa lori. Ndiye anayeteremka kuweka jiwe chini ya gurudumu, anayetumwa maji, anayelala juu ya mzigo. Mume wangu alianza na kazi hiyo akiwa kijana, na siku alipohamia kulia aliapa harudi.

Pole pole akaanza kuendesha tena. Kwanza ndani ya boma, halafu mpaka sokoni Angurai na kurudi, asubuhi barabara ikiwa nyeupe. Yule dada wa mazoezi alisema mguu unaweza kurudi wote na unaweza usirudi. Yeye alisikia ile nusu ya kwanza.

Sasa karavani. Mzungu mmoja mstaafu aliyekuwa akiishi Funyula, si mbali na kwa mamangu, alirudi kwao akaacha karavani uani, nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ya kuvutwa nyuma ya gari. Ndani ina kitanda, meko na sinki. Mume wangu aliiona tulipoenda kumsalimia mama, akaizunguka, akaingia, akalala kwenye kile kitanda na viatu. Alipotoka alikuwa ameshaamua. Tulitoa ng'ombe, na yule aliyeachiwa boma akafurahi kuondolewa kizuizi.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Naivasha nimepita sijui mara ngapi," akasema. "Sijawahi kuteremka. Mtito Andei najua choo tu. Nataka niende Mombasa nikisimama ninapotaka, nilale, niamke, nipike chai, bila mtu wa kunipigia simu kuuliza mzigo umefika wapi."

Hakusema "twende". Alisema "niende", na nilijua anayezungumziwa pale ni dereva. Ilikuwa wazi kwangu kwamba karavani ni kisingizio. Alitaka kuvuta kitu tena, watu wa Malaba wakiona.

Fundi wetu alipoulizwa kama pikapu itaweza, hata hakufungua boneti. "Hii? Hii itavuta hata kanisa, mzee."

Ile mzee ilimchoma. "Kuvuta si kazi," alimjibu. "Hata punda anavuta. Niulize kama itasimama."

Na hapo ndipo nilipomwona mtu niliyeolewa naye, baada ya miezi mingi ya kumwona mgonjwa. Alifungua mlango wa pikapu akapangusa kibati kilichobandikwa pale na waliounda gari, kile kinachosema gari na mzigo wake visizidi uzito gani. Akaenda Funyula akakwangua kutu kwenye kibati cha karavani. Akaazima mizani ya kupimia mahindi, ile ya kukanyaga, akapandisha gurudumu la karavani juu yake kwa mbao, kisha la pili, halafu mdomo, yaani pale mbele inaposhikana na gari.

Mdomo ndio ulimshughulisha zaidi. Trela, alinieleza jioni hiyo, linalala mgongoni mwa kichwa chake, lile lori la mbele linalolivuta. Karavani hailali, inashika mkia tu. Mdomo ukilemea sana, pikapu inakaa chini nyuma na kuinua pua, na usukani unakuwa mwepesi. Ukilemea kidogo mno, karavani inaanza kutikisa mkia, na ikianza, inaweza kuiongoza gari badala ya gari kuiongoza. Breki za karavani pia zilikuwa na akili yao. Pikapu ikipunguza mwendo, karavani inaisukuma kwa nyuma, na kule kusukuma ndiko kunakobana breki. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Fundi alizifungua, akazipaka grisi, na mume wangu akamfanya azifungue tena kwa sababu hakumwona akipaka.

Kisha akajumlisha. Uzito wa karavani, mtungi wa gesi, matandiko, sufuria, yeye mwenyewe.

"Na wewe? Una kilo ngapi?"

Aliniuliza mbele ya fundi. Wee! Nilimwambia aweke anachotaka. Aliweka, na fundi alipotaka kuchungulia nikamuuliza kama deni lake la chai hotelini amelisahau.

Jibu lilikuwa kwamba vinafaana. Pikapu yetu na karavani ile, sisi wawili, vyombo vichache, na nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo. "Ya nguo," alisema. "Nguo, basi." Alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, na mimi nilifurahi naye, sitaficha. Kuhusu mguu sikusema kitu. Katika hesabu yote ile mguu haukuwa na kibati.

Siku ya kuichukua tulifika Funyula asubuhi, tukaiunganisha, taa zikawaka. Tungeondoka hapo hapo. Lakini huwezi kupita kwenye lango la mamako bila kuingia, na ukiingia unywe chai, na ukinywa chai huondoki mikono mitupu. Hilo tulilijua maisha yetu yote, na katika majuma yale ya kupima hakuna aliyelikumbuka.

Nilikuwa bado na kikombe mkononi nilipoona magunia yakipita. Muhogo mkavu. Mtama. Mkungu wa ndizi. Kijaa cha kusagia cha marehemu nyanya, jiwe zima na mtoto wake, ambacho mama alikuwa ameamua siku hiyo kwamba ni changu. Binamu zangu walikuwa wakivipanga ndani ya karavani, vyote mwisho kabisa wa nyuma. Hawa ni watu wa baiskeli. Wamevusha mzigo mpakani Busia tangu ujana wao, na mzigo kwao unakaa nyuma, kwenye keria.

Mume wangu alikuwa amesimama kule ghalani, mbali, mahali pa mkwe. Kwetu mkwe habishani na mama wa mke wake, hata kumkaribia kuna kiasi. Akaniita kwa mkono.

"Mwambie mama gari imejaa."

Nikaenda. "Mama, anasema gari imejaa."

"Imejaa nini? Mimi naona kitanda tu."

"Anasema uzito."

Mama akaitazama pikapu, akaitazama karavani, akapaza sauti ili ghala isikie. "Gari inabeba nyumba, inashindwa na muhogo?"

Binamu zangu walicheka hadi wakaweka gunia chini. Nilirudi ghalani nikamkuta mume wangu amefumba macho. Mtu aliyewahi kugombana na polisi wa mizani kutoka Mariakani mpaka Malaba alikuwa ameshindwa na mwanamke mmoja mfupi mwenye leso. "Mwambie asante," alisema. Nami ningekataa kwa niaba yake, lakini mama angelia, na simu za kuulizwa kwa nini ningepigiwa mimi mwaka mzima. Juu ya magunia wakamweka kuku.

Tuliondoka hivyo. Pikapu haikuinama nyuma hata kidogo, ilikuwa kama imeinuliwa matako, na yeye aliliona hilo na mimi nikamwona akiliona. "Tutasimama mbele tupange upya," alisema. "Mama asituone." Lakini baada ya Funyula kuna vilima, na kabla ya mahali pa kusimama kuna mteremko wa kushukia mtoni.

Ilianza kidogo. Kichwa changu kilikuwa kikienda kushoto na kulia nikadhani ni barabara. Halafu kwenye kioo niliiona karavani upande wangu, nzima, na dirisha lake, kisha haipo, kisha ipo tena. Nilipiga kelele. "Kanyaga breki!"

"Nyamaza."

Hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka kwa mikono miwili, akaiacha. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka afanye jambo, na yeye alikuwa hafanyi. Karavani ikatikisa, ikatikisa, ikachoka, ikafuata. Kule nyuma kuku alikuwa akipiga mayowe.

"Umeona?" alisema. Alikuwa anacheka, jasho likimtoka. "Ungekanyaga breki tungekuwa mtoni. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nilimpenda sana dakika ile, na nilimwambia ni mjinga.

Angesimama hapo chini kama alivyosema. Hakusimama. Alikuwa ameshaishinda mara moja na sasa alikuwa na raha, akaenda polepole hadi karibu na Busia, akiniambia habari za Mazeras na mlima wake, pale trela lisilo na breki linapoimba kabla ya kuanguka. Mbele yetu ulikuwa mkia wa foleni ya matrela yanayongoja kuvuka. Tuliuona wote wawili. Tulikuwa mbali, mwendo ulikuwa mdogo, hapakuwa na hatari yoyote.

Niliona goti lake likiinuka. Niliona mguu ukitoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, na nikauona ukikwama katikati, ncha ya kiatu imeingia chini ya pedeli. Alikuwa anautazama. Trela la mbele likawa kubwa kwenye kioo cha mbele, na mimi nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili wakati yeye akipiga gia kwenda chini. Karavani ikatusukuma, magunia yakaja mbele kwa kishindo, na tukasimama. Kati ya boneti yetu na chuma cha nyuma cha trela lile paka angepita, kwa taabu.

Taniboi wa trela lile, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuja mbio amekasirika, kisha akamwona aliyeshika usukani. "Ala! Dere! Za siku nyingi?"

"Nzuri," mume wangu alisema. "Nisaidie kuhamisha mzigo."

Alishuka. Kwanza alienda kando ya barabara akatafuta jiwe, akarudi nalo akichechemea, akaliweka chini ya gurudumu. Kisha wakaingia ndani ya karavani wale wawili na nikasikia magunia yakiburutwa. Waliyaleta juu ya magurudumu na mbele yake kidogo. Kijaa cha nyanya wakakipa sakafu. Magunia mawili ya muhogo alimpa yule taniboi apeleke kwake, na kuku pia. Alikuja mbele akaangalia pale mdomo unaposhikana na pikapu, akaubonyeza kwa kiganja, akaridhika.

Mimi nilikuwa bado kwenye kiti changu. Nilidhani tumemaliza na kwamba atazunguka arudi kwake. Alikuja upande wangu, akafungua mlango wa kushoto, akasimama akingoja, kama nimekalia kitu chake.

"Sogea, Dere," alisema.

Yule taniboi alidhani ni mzaha, akacheka. Mimi nilivuka gia nikakaa kulia. Yeye akapanda, akafunga mlango, akanyoosha miguu. Nilimwambia sijawahi kuvuta kitu. Akasema kuvuta si kazi.

Foleni ilisogea, tukashika njia ya Malaba. Hakunifundisha, hakunigombeza. Alitazama mbele tu. Lakini kila nilipokanyaga breki, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu upande wake, njia nzima hadi nyumbani, nami nilikuwa ninausikia. Kila mara ulifika baada ya wangu.