Maiti Mia na Arobaini Mlangoni kwa Karani

Wakuu, mwaka 1949 babu yangu alifika kazini asubuhi akakuta maiti mia na arobaini wamelala mbele ya ofisi yake.

Walikuwa wanapumua. Wawili walikuwa wanakoroma kabisa.

Aliyenisimulia ni bibi Siwema, mkewe, aliyekuwepo siku ile na ambaye hakupenda uongo hata wa kuchekesha. Kwa hiyo msinibishie mimi.

Babu aliitwa Mwishehe, Mzaramo wa Kibuta, kule Kisarawe. Alipata ukarani kwenye shamba la mkonge kati ya Mkuza na Mlandizi, zama za Mwingereza. Alikuwa na kalamu ya wino, viatu na nyumba ya bati. Kwa Kibuta ya wakati ule, huyo ni waziri.

Kazi yake ilikuwa watu. Kuwaandika, kuwapanga, kuita majina asubuhi. Leo tungemwita afisa rasilimali watu. Wakati ule aliitwa karani, na rasilimali ilikuwa mkonge.

Meneja alikuwa Mgiriki, Bwana Stavro. Siku moja akamwita.

"Karani, kampuni napata oda kubwa ya kamba. Mimi nataka wakataji mia mbili. Leo iko ngapi?"

"Mia na sitini, bwana."

"Wiki jana?"

"Mia na themanini."

Stavro akawasha sigara. "Watu nakimbia. Ikifika mia, wewe nakimbia pia."

Babu akarudi nyumbani hana hamu ya kula. Siwema alikuwa na miezi minne tu ndani ya ile nyumba ya bati. Babu akifukuzwa, ni kurudi Kibuta kulima muhogo na kukaa uani na mawifi. Bibi alikiri kwamba muhogo haukumtisha.

Sasa wakataji wengi walikuwa Wanyamwezi, walioletwa kwa treni kutoka Tabora na kushushwa stesheni ya Ruvu. Babu akaenda kambini kwao na daftari.

"Jamani, kuna shida gani hapa?"

"Hakuna shida, bwana karani."

"Maji?"

"Mazuri."

"Chakula?"

"Tunashukuru sana."

Kesho yake walioshukuru sana kumi na wawili hawakuonekana.

Babu akamweleza mkewe. Siwema akamtazama miguuni.

"Ulikwenda na viatu?"

"Sasa niende peku, mimi karani?"

"Mume wangu, wewe Mzaramo, wale Wanyamwezi. Ni watani zako. Mtani haulizwi shida zake. Mtani anatukanwa, halafu unasikiliza atakavyojibu."

Kwa wasioujua utani: mtani wako anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe.

Jioni ile babu akaenda peku. Akaketi kando ya sufuria ya watu bila kukaribishwa, akamega tonge.

"Huu ndio ugali? Yaani mmesafiri kote huko na hakuna hata mmoja aliyejifunza kupika?"

Mzee mmoja akaanza kucheka, na hapo mlango ukafunguka.

"Mtani, unga mnaotupa una wadudu. Sisi tunauita kitoweo."

"Maji yenyewe ya bwawa wanalooga punda. Siku hizi hata punda wanasitasita."

"Na Shomari, nyapara wenu. Mtu akiumwa, anamwambia afe upesi ampishe mwenzake kitanda."

Babu alikuwa anacheka na kuandika, anaandika na kucheka. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa anaambiwa kitu.

Mwisho akasema jamaa mmoja mrefu, mpole, ambaye kwenye daftari aliitwa Salehe wa Nne.

"Ila wewe karani ndiye mjinga kuliko wote. Mama yangu hakuzaa Salehe. Wa Nne ndiyo kabisa."

Watu wakacheka sana. Babu akacheka kidogo.

Ilikuwa hivi. Siku ile treni iliposhusha watu, babu alitakiwa aandike wote kabla jua halijazama. Majina yao aliyaona marefu, naye alikuwa na mwandiko mzuri, alitaka daftari lipendeze. Kwa hiyo akawagawia ya kwao Kisarawe. Akapata akina Salehe saba, Isihaka sita, Mwinyijuma tisa. Daftari likapendeza kweli.

"Haya, jina lako nani?" akauliza.

"Mihambo."

Kalamu ikasimama.

Jina hilo babu aliwahi kuliona. Aliliona juu ya bahasha, mara mbili. Barua za wakataji zilipitia ofisini kwake. Kila ikija alifungua daftari, akatafuta jina, asilione. Basi akaandika juu yake kwa ule mwandiko mzuri, "Hayupo", akairudisha Ruvu. Na haikuwa ya Mihambo peke yake. Mwaka mzima alifanya hivyo.

Ndipo akaelewa. Maji mabovu watu walikuwa wanayavumilia. Wadudu pia. Walichoshindwa ni kukaa mwaka bila neno kutoka kwao. Walikuwa wanatoroka kwenda kuuliza kwa nini wamesahauliwa.

Bibi alisema hajawahi kumwona mtu anarudi nyumbani mnyonge vile.

Asubuhi babu akachukua baiskeli ya ofisi hadi Ruvu. Akakuta barua tisa bado ziko pale, za kurudishwa na mpya. Moja ya hizo mpya ilikuwa ya Mihambo. Mihambo hakujua kusoma, kwa hiyo babu akamsomea pembeni mwa shamba, kazi ikiendelea.

Ilitoka kwa kaka yake. Ilisema: "Barua mbili zimerudi, zimeandikwa hayupo. Tumeshaweka matanga yako. Naandika hii ya mwisho kwa sababu mama anakataa kunyoa nywele za msiba mpaka aone kaburi."

Mihambo akachomeka panga lake ardhini.

"Kwa hiyo mimi nimekufa," akasema.

"Mtani, nisamehe."

"Msamaha baadaye. Mtani ndiye anayezika. Umeniua mwenyewe, kesho asubuhi uje unizike mwenyewe."

Hakucheka. Babu naye hakucheka.

Nyumbani, babu akamwambia mkewe, "Nikimweleza Stavro ukweli, hii nyumba tumeiaga. Nikinyamaza, atalaumu maji na Shomari, na mimi nitabaki."

Siwema alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mweleze. Mawifi nitawazoea."

Ndiyo asubuhi ile sasa. Mihambo amelala mlangoni chali, mikono kifuani. Nyuma yake kambi nzima, safu kwa safu. Shomari anazunguka akipiga kelele, hakuna anayemjibu, maana maiti hapokei amri ya nyapara.

Gari la Stavro likafika.

"Karani, hii nini?"

"Wamekufa, bwana."

"Yote?"

"Wote."

"Nani naua?"

Babu aliniambia mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba hapo alishika ukuta kwanza. Akasema, "Mimi, bwana." Akaeleza majina, barua, matanga, kila kitu. Akampa na karatasi ya maji, unga na nyapara, lakini mstari wa kwanza aliandika: Karani.

Stavro akaisoma mara mbili.

"Sasa nafanya nini?"

"Ninawafufua, bwana."

"Itakwisha saa ngapi?"

"Adhuhuri hivi."

Stavro akatazama saa yake, akaketi kwenye ngazi ya gari. "Anza."

Babu akafungua daftari jipya. Akachuchumaa kwa Mihambo, akamuuliza jina lake, la baba yake na kwao. Akaandika. Kisha akasimama, akaita kwa sauti kama kwenye mwito wa asubuhi.

"Mihambo wa Luhende!"

"Nipo." Mihambo akainuka, akajikung'uta vumbi.

Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Mara mia na thelathini na tisa. Wanaume wazima walikuwa wanajibu "nipo" halafu wanageuka upande kufuta macho. Bibi alikuwa amesimama kwenye kona ya ofisi, naye alifuta.

Akabaki mmoja. Salehe wa Kwanza, kijana wa Vihingo, Mzaramo mwenzetu. Huyu Salehe ndilo jina lake la kweli. Alilala tu kwa sababu wenzake wamelala.

Babu akamtazama. "Salehe," akaita. Bila namba.

"Nipo," akasema, na akainuka upesi kuliko wote.

Stavro akazima sigara. "Karani nyingine iko naficha hii. Wewe kaa."

Kikachimbwa kisima. Unga ukabadilishwa. Shomari akahamishiwa kwa punda, na punda hawakulalamika, au walilalamika ila hawakuwa na mtani. Mihambo akatoa hukumu ya utani: babu aandike barua kwa kila nyumba kusema mtu wao yu hai. Aliandika kila Jumapili mpaka masika yakaisha. Oda ya kamba ikatimia mapema, na waliokimbia walikuwa sifuri.

Mama yake Mihambo akajibu kwa mkono wa mwanawe mwingine. Barua ilikuwa ya mstari mmoja: "Nimenyoa, lakini kwa furaha."

Mwaka uliofuata Siwema akajifungua mtoto wa kiume kwenye ile nyumba ya bati. Babu akaenda kambini kuomba jina.

Mimi ni Zahoro Mihambo, mwana wa mtoto yule. Ni afisa rasilimali watu wa kiwanda kimoja hapa Kibaha, na kila siku kazini naulizwa Mzaramo wa Kibuta jina la Kinyamwezi amelitoa wapi. Leo nimejibu.

Chuoni nilifundishwa mikakati ya kampuni na ustawi wa wafanyakazi kama masomo mawili. Kwa babu yalikuwa somo moja, na lilianza kwa kumuuliza mtu anaitwa nani, halafu kuandika alivyosema.

Jumatatu tuna waajiriwa wapya sitini. Nimeshamwambia mke wangu nitachelewa.