Siku Nilipolaumu Kalkuleta za Form Three

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Noonkopir: mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilisimama mbele ya darasa la hesabu nikatangaza kwamba kalkuleta zote ni mbovu.

Ilikuwa Ijumaa, nimechoka vile walimu huchoka mwisho wa muhula, mwalimu wa hesabu ni mgonjwa, na mkuu wa shule akaniomba nikae na Form Three wasipige kelele. Kukaa tu! Lakini nikamwona mkuu anapitisha wazazi wageni kwa varanda, nikaona aibu kupatikana nimeegemea meza nikisinzia, nikachukua chaki (hapo ndipo nilijimaliza). Ubaoni kulikuwa na swali: moja, gawanya kwa x toa mbili, tafuta domain na range. Nikasema kwa sauti ya mtu ameshiba, “Domain ni namba zenye unaweza kuingiza, range ni zile zinatoka. Hapa ingiza yoyote, hakuna shida.”

Mkuu na wazazi wakasimama mlangoni kusikiliza. Binti yangu Naomi, ambaye yuko hilo darasa na huniita madam tukiwa shule, akainua mkono.

“Madam, na nikiweka mbili?”

“Itatoka sifuri.”

“Kalkuleta imekataa.”

“Hiyo ni mbovu. Jaribu ya jirani.”

Ya jirani ikakataa, ya nyuma ikakataa, hata ile ya kwa simu ya mkuu ikakataa, na mimi badala ya kunyamaza nikasema labda ni hii vumbi ya Kitengela imeingia ndani (ndani ya simu pia, jameni), mzazi mmoja anayeimba na mume wangu kwa kwaya ya kanisa akakohoa kuficha kicheko, na Naomi akasema polepole, “Mum, sema tu hujui.”

Nikasema sijui. Nikarudia, wa mlangoni pia wasikie.

Jioni akanikalisha mezani, akanielezea bila kunicheka: mbili toa mbili ni sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri, kwa hivyo mbili haiingii kwa domain, na jibu nalo haliwezi kuwa sifuri hata ufanye nini, kwa hivyo sifuri haiko kwa range. Yaani nilikosea kuingia na kutoka.

Nikamshukuru, nikamwomba asimwambie baba yake.

“Mum, Baba ameambiwa na kwaya yote.”

Siku hizi nikiombwa kushika darasa lisilo langu, nakaa chini na nabaki chini, wageni waje wasije.