Wimbo wa Wawinda Nungunungu

Mama mkwe wangu alipokataa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, nilimjengea chumba nyuma ya nyumba yangu, Pasiansi, pembeni mwa mji. Mlango wake niliuelekeza ziwani, wangu barabarani, kwa sababu kwetu Wasukuma mtu hamtazami mkwewe usoni. Majirani walisema mengi. Waseme. Mabati niliyanunua kwa kuziba pancha za baiskeli, si kwa maneno yao. Nikisema shikamoo, mke wangu ndiye aliyeipeleka, na ndiye aliyenirudishia marahaba.

Masika moja miguu ya mama ikavimba, akawa hatoki. Mke wangu akaniletea neno zito kuliko salamu. Babu yake, yaani baba wa mama, alikuwa wa chama cha wawinda nungunungu, wale walioingia shimoni kwa tumbo na mkuki mfupi. Kabla ya kuingia waliimba. Mama, akiwa mtoto, alikaa nje ya shimo na kibuyu cha maji, akisikiliza. Sasa sauti ya wimbo anayo, maneno yamemtoka. Anataka ayasikie kabla hajafa.

Nikaulizia. Wenzake yule babu wote walikuwa udongoni, watoto wao wametawanywa vijijini, na ngoma zilizobaki zilikuwa za kupokea viongozi.

"Si unajua kusoma siku hizi?" mke wangu akasema. "Nenda maktaba."

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tukiitikia wote kwa pamoja. Basi nikaenda mjini na ovaroli yangu ya grisi. Maktaba ilikuwa na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi, kila kitabu na kadi yake. Nikaanza kutafuta, kadi moja moja, kwa sauti.

"Ndugu," akasema mkutubi, binti wa Kihaya, "hapa watu wanasoma kimya."

"Nami nasoma."

"Unasomea mtaa mzima."

Watu wakacheka. Nikamnong'oneza shida yangu, naye akaacha kazi yake. Akafungua droo ya wanyama. Nungunungu yumo: anakula nini, anazaa vipi. Wawindaji wake hawamo. Akafungua ya uwindaji. Wazungu na tembo wao.

"Tujaribu dini," akasema.

"Dini? Dada, hii ni kazi ya mikono!"

"Walioandika habari zenu walikuwa mapadri. Wasichokielewa walikiita dini."

Kweli, kadi ilikuwa humo, nyuma kabisa. Kitabu chenyewe maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, wimbo wa Kisukuma. Yeye akanisomea maelezo, mimi nikamsomea wimbo.

"Anasema nini hapa?"

"Anamwambia mnyama asogee, shimo si lake peke yake."

Akacheka hadi akasahau ukimya wake.

Kitabu hakikuruhusiwa kutoka, na mwandiko wangu ulikuwa mzito. Nikaamua kuuweka wimbo kichwani. Kila mchana nilifunga kibanda changu cha baiskeli, nikaenda kuunong'ona ukurasa ule mpaka ukakaa.

Jioni niliyoona niko tayari, niliweka kigoda nje, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta wa chumba cha mama. Nikaimba. Sauti yangu ni ya mtu anayesukuma lori. Ndani kimya. Nikadhani nimemuudhi. Nikaanza upya, polepole, na ukutani ikapenya sauti nyembamba, ikipanda pale mimi niliposhuka. Basi nikamfuata yeye. Mimi natoa neno, yeye analiweka mahali pake.

Tulipomaliza, mke wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, machozi yanamtoka, hana salamu ya kupeleka kwa yeyote.

"Mkwe," mama akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, "unaimba kama fisi. Hebu rudia pale anapoingia shimoni."

Nikarudia.