Nilimwambia aunty "karibu" kupitia kengele ya kamera, na mimi niko kazini

Wakuu, salamu kwenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma mkijifanya mko busy ofisini.

Hii si hekaya. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii. Yote yametokea kwangu Umoja na bado yananikaa kifuani. Mke wangu Mercy ameshachoka kuyasikia, kwa hivyo leo ni zamu yenu.

Naishi flat, third floor. Wa Eastlands mnajua mambo ya viatu: mtu anavua mlangoni ndipo anaingia.

Sasa kwa plot yetu, hili jengo la kupanga, kulikuwa na mtu mwenye mazoea ya kuondoka na viatu visivyo vyake. Alianza na sandals za Mercy, nikanyamaza. Siku alipobeba buti zangu, nilizochagua mwenyewe kwa mitumba ya Gikomba bale ikifunguliwa alfajiri, nikaona sasa amenizoea vibaya.

Nikashuka downtown nikanunua kengele ya kamera.

Kwa wasioijua, ni kitufe unafunga kando ya mlango. Kina jicho la kamera, maiki na spika. Mtu akisimama hapo, simu yako inalia popote ulipo. Unamwona, unaongea, na yeye anakusikia kutoka ukutani. Sikuhitaji fundi. Screw mbili, wifi, app, nikamaliza chai ikiwa bado moto.

Nisiwafiche wakuu, kale kamashine kalinilewesha. Niko kazini Industrial Area lakini nafukuza watoto wa plot wanaocheza kwa ngazi: "Nyinyi, shukeni chini!" Wanatoka mbio. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Atieno, akanibandika jina, Mzee wa Ukuta. Akipita asubuhi anaisalimia kamera, "Umeamkaje, Mzee wa Ukuta?"

Mwizi wa viatu hakuonekana tena. Nikajiona nimefika.

Sasa sikilizeni.

Nina aunty, dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado mdogo wa primary, na huyu ndiye aliyenichukua akanilea kwake Kitui pamoja na watoto wake. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu "huyu ni wa dada yangu." Nilikula na wanawe sahani moja na nikachapwa nao fimbo moja.

Aunty ana msimamo wake. Hapigi simu kabla ya kuja. Husema kwa mtoto wake hapigi simu, anapiga hodi. Akija Nairobi anashuka Muthurwa, anapanda gari la Umoja, na sisi tunashtukia tu yuko mlangoni na gunia la mbaazi. Hakuna kitu nilikuwa napenda kama hiyo kushtukizwa. Mtu ambaye mzazi wake anaingia bila kuuliza anajua ana mzazi.

Siku hiyo ilikuwa mchana. Mercy alikuwa saluni kwake na mtoto wetu, na sisi ofisini tulikuwa tunakata keki, mwenzetu mmoja amepata mtoto. Simu ikalia. Kuangalia, ni aunty, amevaa sweta yake ya kanisa, gunia liko miguuni.

Hakubonyeza kitufe. Alisimama mbele ya mlango akasema kama siku zote, "Hodi hapa."

Na mimi, keki mkononi, nikabonyeza maiki nikajibu vile alinifunza yeye mwenyewe.

"Karibu!"

Ulimi ulitangulia kichwa. Mnajua vile tumelelewa. Mtu akisikia hodi hafikirii, anajibu karibu hata akiwa bafuni na sabuni machoni.

Nikamwona kwa simu akitabasamu. Akainama, akavua viatu, akavipanga kando ya doormat. Halafu akasimama wima, akangoja mlango ufunguliwe.

Nilikuwa nimwambie, aunty, niko kazini, ingia kwa Mama Atieno unywe chai, nampigia Mercy sasa hivi. Maneno hayo tu. Lakini jamaa mmoja akanivuta mkono, "Buda, weka hiyo simu, tunapiga picha." Nikaiweka mezani nikijiambia ni dakika moja. Picha ikaisha, bosi akaniita, kuna mzigo umekwama godown. Nikatoka mbio.

Na aunty akanitoka kichwani. Nimejaribu kutafuta njia tamu zaidi ya kuisema hiyo sentensi, sijaipata.

Jioni nafika ngazi ya tatu, Mama Atieno ananingoja na gunia la mbaazi. Siku hiyo hakuniita Mzee wa Ukuta.

"Huyo mama amekaa hapa kwa ngazi mpaka mimi nikaona haya," akaniambia. "Nikamwambia aingie kwangu hata kama ni chai, akakataa. Ati ameshakaribishwa kwa mtoto wake, sasa ataingia aje kwa mwingine? Sasa wewe ulimkaribisha wapi, na nyumba imefungwa?"

 Nikampigia aunty, nikaambiwa mteja hapatikani.

Nikafungua app, maana hiyo kitu inarekodi. Wakuu, msiwahi kuangalia kitu kama hicho. Kumbe nilipoiweka simu mezani laini ilibaki wazi. Kicheko chetu chote cha ofisini kilikuwa kinatokea ukutani kwangu, na aunty amesimama mbele yake, soksi kwenye simiti. Anasikiliza. Mara anarekebisha kitambaa cha kichwa, kama mtu anayejua ataitwa wakati wowote.

Kesho yake binamu yangu akaniambia aunty alikuwa amekuja kulala kwangu kwa sababu ya kliniki ya macho asubuhi. Alikuwa amelala Dandora kwa mama mmoja waliyeimba naye kwaya zamani, na kutoka kliniki akapanda basi akarudi nyumbani. Mwanamke aliyenilea alilala kwa watu, na mimi nina sofa inayokunjuka kuwa kitanda.

Jumamosi nikaenda Kitui. Njia nzima nilikuwa napanga vile nitamweleza mambo ya kamera na spika. Niliamini tatizo ni kwamba alifikiri niko ndani nakula na watu nikakataa kumfungulia. Nikishamweleza, tutacheka yaishe.

Alinipikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe. Akaniacha nieleze yote. Nikamwonyesha hadi app.

Kisha akasema, "Mutua, hiyo kamera niliiona. Wajukuu wangu wana simu, mimi si mjinga. Nilijua uko kazini."

Nikamuuliza, sasa mbona alingoja?

"Kwa sababu ulisema karibu. Mtu akiwa mbali aseme karibu, amemtuma mtu kufungua. Nikakaa nikingoja huyo mtu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza, kugombezwa na yeye nimezoea. Aliniongezea muthokoi na tukaongea mambo ya mvua. 

Siku za juzi alikuwa na kliniki tena. Akanipigia simu. Yeye, kupiga simu. "Mutua, Alhamisi mtakuwa nyumbani? Naweza kuja?" Niliumia kama nimeulizwa na mgeni.

Nikaomba ruhusa kazini. Mercy alikuwa amekataa tung'oe kamera kwa sababu ya viatu, lakini spika nilikuwa nimeizima. Nikafungua mlango mapema nikasimama hapo hapo, mtoto wetu akicheka vile nimekuwa askari.

Aunty akapanda ngazi polepole na gunia lake. Akafika. Hakusema hodi. Aliangalia ile kamera, halafu akaniangalia mimi.

Nikasema, "Karibu, aunty."

Hakusogea. Viatu hakuvua. Nilimsemesha tena, "Karibu ndani," na bado amesimama pale nje ya kizingiti, hana uso mbaya, anangoja tu. Mpaka nikatoka nje, nikachukua gunia, nikamshika mkono. Ndipo akainama kuvua viatu.

Amerudi, wakuu, na tunaongea vizuri. Lakini anapiga simu kwanza. Hodi yake sijaisikia tena, na sijui kama nitaisikia.

Nilichojifunza ni kwamba ukiweka hizi vitu, weka. Wezi wapo. Lakini usiache mdomo wako mlangoni na wewe mwenyewe umeenda. Kama huwezi kumfungulia mtu, mwambie haupo, aende akanywe chai kwa jirani bila kinyongo.

Comments ziko wazi. Matusi pia nitasoma, mengine nastahili. Ila wenye kamera naomba mnijibu moja: mzazi wako akisema hodi na wewe hauko, huwa unamwambia nini?