Majani Machachu ya Asubuhi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha biolojia Habaswein, kwenye nchi kame ya Wajir, sukuma wiki niliyopanda nyuma ya nyumba yangu ilikufa mara tatu. Nilikuwa nimetoka Vihiga, ambako mboga hazihitaji kubembelezwa, kwa hiyo nilichukulia vifo vile kama tusi. Kitu pekee kilichostawi ni mmea mmoja wa kutambaa, wenye majani manene ya mviringo, uliojiotea kwenye seng'enge. Hakuna aliyeupanda wala kuumwagia hata kikombe cha maji. Niliupenda sana kwa sababu bafu langu la mabati halikuwa na mlango, na mmea ule ndio ulionisitiri.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mfugaji. Nilimwita eedo, yaani shangazi, kama walivyomwita watu wote wa mtaa wetu. Asubuhi moja nilimwona mbuzi wake mkubwa aking'ata jani la ule mmea, akalitema na kupiga chafya. Nikaenda shuleni roho imetulia. Niliporudi saa kumi jioni, ua ulikuwa umeliwa upande mzima, na bafu langu linatazamana na barabara ya Wajir.

"Eedo, mbuzi wako wamenivua nguo!" nilimlalamikia.

Hakuomba msamaha. "Wewe ndio uombe, mwalimu. Asubuhi unamwagia hii majani kitu gani? Jioni mbuzi yangu anakula fizuri. Asubuhi anatema. Unaweka ndimu?"

"Ndimu za kumwagia ua nitazitoa wapi?"

"Basi kesho asubuhi tutakula, mimi na wewe. Tutajua."

Alfajiri alikuwa mlangoni. Alinihakikishia kwamba kwao majani yale hupikwa, akatafuna la kwanza, akanipa la pili. Lilikuwa chachu kama ukwaju mbichi. Jicho moja lilijifunga lenyewe. Alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Saa kumi jioni tukatafuna tena, kutoka tawi lile lile. Jani halikuwa na ladha yoyote.

Nilibaki nimesimama na jani mdomoni, aibu imenishika. Jambo lile nilikuwa nimelifundisha wiki mbili tu zilizopita! Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana, ikavuta hewa ya ukaa na kuigeuza sukari kwa nguvu ya jua. Lakini kwenye joto la huku, kufungua mchana ni kumwaga maji yote. Mmea kama ule hufungua usiku, hukusanya hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya jani ikiwa asidi. Kukipambazuka unafunga, kisha mchana kutwa unaichukua ile akiba kidogo kidogo na kutengeneza sukari. Ndiyo maana asubuhi ni mchachu na jioni umepooza. Yote hayo niliyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Sikuwahi kujiuliza ladha yake.

"Eedo, simwagii kitu," nilimwambia. "Unajitia ndimu wenyewe, usiku."

"Na hii wewe umesoma miaka ngapi?"

"Minne."

Alimgeukia mbuzi wake, akamtazama.

Juma lililofuata niliingia kidato cha tatu kipindi cha kwanza na mfuko wa majani, nikampa kila mwanafunzi moja. Walikunja nyuso, wakagonga madawati. Nilipowaeleza, msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo hii mmea inafunga? Mchana mdomo imefungwa, magharibi inafuturu?"

"Mwaka mzima."

"Mashallah!" darasa zima likaitikia.

Mwingine akauliza kama mahindi nayo hufunga. Nikamwambia hapana, mahindi na mtama hula mchana, ila huikamata hewa ya ukaa chumba cha nje cha jani na kuisukuma kwa wingi chumba cha ndani, ili vitundu visihitaji kuachwa wazi sana. Sukuma wiki haina ufundi huo wala ule wa kufunga. Nikaona hapo, mbele ya watoto wa watu, kwamba msiba wangu ulikuwa na maelezo.

Nilikuwa natafuna jani langu la pili naibu mkuu wa shule alipopita dirishani. Aliona darasa zima linatafuna majani mabichi saa mbili asubuhi.

"Miraa!" alipaza sauti. "Na mwalimu pia!"

Nilijaribu kueleza habari ya asubuhi na jioni, mdomo ukiwa umejaa. Mwishowe nikampa jani. Kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote, alichukua matatu, akayatia yote mdomoni. Machozi yalimlengalenga, huku wanafunzi wakitazama sakafu kwa heshima.

"Jioni hayako hivi?" aliuliza hatimaye kwa sauti ndogo.

Saa kumi alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akatafuna, akatangaza, "Imepoa," kana kwamba ndiye aliyeipooza.

Baadaye nilimwomba eedo aje kuzungumza na darasa. Alisimama ubaoni akataja vichaka ambavyo mifugo huvikataa asubuhi na ambavyo huvila wakati wowote. Vitatu sikuwahi kuvisikia. Niliandika majina ya vichaka hivyo kwa Kisomali, nikakosea yote, na wanafunzi wakanisahihisha kwa furaha isiyo na huruma mpaka kengele ya chakula ilipolia, na hakuna aliyeinuka.