Kibodi Yenye Kelele

Nilimwahidi mama kwamba hatalala kwenye ile mashine ya kusafisha damu hata siku moja bila mimi kuwa kando yake. Tulikuwa tumesimama katika shamba lake la ndizi kule Mitunguu, siku tuliporudi na habari kwamba figo zake zimechoka na kwamba damu yake ingesafishwa hospitalini, mjini Meru, mara mbili kwa wiki. Aliitikia kwa kichwa huku akiondoa majani makavu kwenye mgomba. Kisha akatoa sharti lake: "Lakini kazi ya maji usiache."

Nilikuwa nimetoka chuoni nikiamini kwamba ramani iliyochorwa kwa uaminifu inaweza kuleta haki. Nilivizungukia vikundi vya wakulima, kutoka nyanda za chini za Embu hadi kwetu, nikifuatilia mabomba ya kunyunyizia na kuandika ni nani hupata maji na ni nani hungoja mpaka migomba yake inakunja majani. Shamba la mama lilikuwa mwisho wa bomba. Hakuwahi kuniomba nimpendelee. Alitaka tu ripoti zifike.

Kipakatalishi changu hakikuweza kunisaidia kutimiza hayo mawili. Kilikuwa chembamba, cha kupendeza, nilichokichagua kwa macho nikiwa mwanafunzi. Vumbi la Mbeere na mitikisiko ya bodaboda vilikuwa vimelegeza bawaba zake, na betri ilikuwa imekufa. Kikichomolewa tu, kinazimika. Katika chumba cha kusafishia damu kila soketi ilikuwa na mashine ya mgonjwa. Nikawa nafanya kazi kwenye korido, penye soketi moja, nikimchungulia mama kila mlango ulipofunguka.

Siku moja presha yake ilishuka ghafla. Wauguzi walimwahi, akapata nafuu. Nilipoingia aliniambia, bila lawama, "Nilifungua macho nikaona ukuta."

Wiki hiyo tulikwenda kutafuta kipakatalishi kingine. Nilitaka kwenda peke yangu, akakataa kubaki. Nilikuwa nimeshajua ninachohitaji: betri ya kumaliza kutwa, bawaba za chuma, mwili wa kustahimili safari, na kibodi isiyo na sauti, kwa maana mama alikuwa akisinzia kwenye mashine.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kofia ya kufumwa na mizaha isiyokwisha. Duka lake liliuza vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo.

"Mama, mchukulie hii," alisema akiinua kimoja cha rangi ya fedha. "Nyepesi kama chapati."

"Chapati huliwa ikaisha. Tafuta ya kukaa."

Akacheka, akatoa kimoja kinene, cheusi, chenye pembe zilizokwaruzika. "Hii basi ni ya kazi. Hata ikianguka kwa boda inaamka yenyewe."

"Iangushe tuone."

"Ai, mama! Mwenye duka atanifukuza na hii kofia yangu."

Nilifungua na kufunga kifuniko mara nyingi nikisikiliza bawaba. Niliitoa betri nikaitazama kama imevimba. Akaleta na kingine kama hicho, tukaviacha viwili hivyo vyeusi vikiwaka bila umeme, tukaenda kunywa chai kwenye hoteli ya jirani. Tuliporudi vyote vilikuwa bado vinawaka. Tofauti ilikuwa kwenye kibodi tu. Kimoja kilikuwa kimya, kingine kiligongagonga kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Nikakishika kile kimya.

Mama akaketi kwenye stuli, akafumba macho. "Andika kwa zote mbili."

Nikaandika.

"Hiyo ya pili."

"Mama, hiyo ina kelele. Utalala vipi?"

"Nikiwa pale kichwa inazunguka, siwezi fungua macho. Nikisikia hiyo, nitajua uko."

Muuzaji hakutania tena. Alikipangusa kipakatalishi kwa kitambaa, taratibu, akakitia kwenye mfuko wa kubebea.

Tangu siku hiyo nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Kitanda cha pili kilikuwa cha mzee wa Laare, mfungaji wa mabunda ya miraa, ambaye maradhi hayakuwa yamemnyang'anya ulimi.

"Mama, huyu kijana anaandika Biblia ingine?"

"Anaandika maji."

"Basi ayaandike yafike Laare. Na apunguze, ananitwanga kichwa."

Nikitua kufikiri, mama aliinua kidole kimoja juu ya blanketi. Nikajifunza kufikiri huku nikiandika, na ripoti zangu zikawa ndefu kupita kiasi.

Asubuhi ya mwisho kulikuwa na ukungu tulipopita Kanyakine, na mama alisema migomba itafurahi. Kabla ya adhuhuri presha ilishuka tena. Wauguzi walivuta pazia, wakaniambia nitoke. Nilitoka hadi upande wa pili wa pazia, nikaketi sakafuni, nikakiweka kipakatalishi mapajani. Sikuwa na neno la kuandika. Nilibonyeza herufi zozote, kwa nguvu, bila kutua.

"Kijana, toa hiyo kitu hapa," mhudumu mmoja aliniambia.

"Mwacheni," mzee wa Laare alisema kutoka kitandani kwake. "Hiyo kelele ni ya mamake."

Nikaendelea. Muuguzi alifungua pazia. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya kifuniko, akakifunga polepole.

Kipakatalishi bado ni kizima. Kimepanda milima na kunyeshewa, bawaba hazijalegea. Ripoti zilifika, zamu za maji zikapangwa upya, na migomba ya mama imebeba mikungu ambayo hakuiona. Ule ukurasa wa herufi zisizo na maana nimeuhifadhi. Sijui kama aliusikia.

Nakuomba jambo moja, msomaji. Ukikaa na mgonjwa aliyefumba macho, usinyamaze kabisa. Fanya sauti yoyote ndogo, ajue kwamba upo.