Siku Niliyozima Mashine Yangu Mwenyewe

Nitawasimulia haya mara moja tu, tena kwa sababu nyinyi ni marafiki zangu na mngeyasikia kwa mtu mwingine yakiwa yameongezwa chumvi. Ni aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu, naziba uso kwa mikono kana kwamba kuna mtu ananitazama. Na mbaya zaidi, hakuna aliyenisukuma. Nilijipeleka mwenyewe, nikiwa nimevaa shati jipya.

Mnajua mimi na Nyambura tulianzisha kakampuni ketu pale Lanet, chumba kimoja juu ya duka la chakula cha mifugo. Nyambura amesomea mambo ya mimea, mimi nimesomea kompyuta, na tulikuwa tumetengeneza mashine ya AI ambayo mkulima anaipigia picha jani la kiazi kinachougua, anaituma kwa simu, na yenyewe inamjibu ni ugonjwa gani na afanye nini. Ilifanya kazi, sisemi uongo, isipokuwa ilikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi sana. Ukiipa jani lililochomwa na barafu ya asubuhi, ambalo linafanana sana na lile lenye ugonjwa wa ukungu, inakujibu, "Sina uhakika. Muulize mtaalamu." Hivyo tu. Mimi nikaona, sasa huyu mtaalamu si ndiye nilikuwa nataka kumpumzisha?

Basi tukapata mwekezaji. Tumwite Madam Jerotich, mama wa makamo, mtulivu, haongei sana lakini akikuuliza swali unajikuta umeketi wima. Alikuwa amekataa watu wengi waliokuja kwake na maneno matamu kuhusu AI, na sisi akatuambia hataki karatasi wala picha za ukutani, anataka kwenda shambani kwa mkulima, aone mwenyewe. Tulikuwa tumefanya kazi mwaka mzima bila mshahara, Nyambura amekataa kazi nzuri mara mbili kwa ajili yangu, na huyu mama akisema hapana, tunafunga mlango tunarudi kwa wazazi. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika.

Sasa uamuzi wangu mdogo ni huu: nilizima mashine. Nikamwambia Nyambura, wewe keti ofisini kuanzia saa nne hadi saa sita, picha ikija ujibu wewe mwenyewe kama mashine, haraka, chini ya dakika moja, na usitoke kwenye kiti. (Nilikuwa tayari nimemwahidi Madam hiyo dakika moja.) Nyambura akatikisa kichwa.

"Amos, hiyo ni uongo."

"Ni siku moja tu. Akishaamini, tunairudisha."

Akajaza chupa yake ya chai, kwa sababu asubuhi hiyo Lanet kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Hiyo chai muiweke akilini.

Tulikuwa tunaenda Keringet, kwa Mama Chelangat, mkulima wa viazi ambaye amekuwa na sisi tangu mwanzo. Na mimi, mtoto wa kuzaliwa huku huku, nikasahau kitu ambacho hata mgeni wa juzi anakijua: hakuna mtu anayeingia shambani Keringet akitoka tu kwenye gari. Tulifika saa nne na nusu. Tukaingizwa ndani, tukapewa chai, ikaja mikate, kukaombwa sala ndefu ya kushukuru kwa ajili ya safari yetu na kompyuta zetu zote, kisha mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, kisha majirani wakaanza kufika kusalimia mgeni, na kila jirani anayeingia ni salamu upya. Nikawa naangalia saa hadi Mama Chelangat akaniuliza kama nina mgonjwa hospitalini. Tulipotoka kwenda shambani ilikuwa inakaribia saa nane, na Nyambura bado yuko kwenye kiti, anakunywa chai kwa sababu hana kingine cha kufanya.

Madam akapiga picha ya kwanza kwa simu yake mwenyewe, akaituma. Jibu likaja upesi. Akalisoma kwa sauti ili wakulima wote wasikie, pole pole, kama anayesoma matangazo kanisani. "Huu ni ugonjwa wa ukungu. Ondoa mimea iliyoathirika, nyunyiza dawa asubuhi umande ukikauka." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nikavuta pumzi, nikajiona mjanja sana.

Tatizo ni kwamba majibu yalikuwa mazuri mno. Kila jirani akakumbuka kwamba na yeye ana jani. Mmoja akakimbia kwake akarudi na kofia imejaa majani. Mwingine akaleta jani la kabichi, mwingine la mtunguja, nafikiri kwa kujaribu tu, na mashine (yaani Nyambura) ikamjibu kwamba hicho si kiazi na asilile. Wakacheka kwa furaha. Madam akawa anatuma moja baada ya nyingine, anasoma, anatuma, anasoma, na nikiangalia uso wake naona umelegea, anaanza kutupenda. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimefunga mikono kifuani kama baba wa mtoto aliyeshika namba moja. Jani la kumi na tano. La kumi na sita. Hakuna aliyefikiria yule mtu wa Lanet, hata mimi, Mungu anisamehe.

La kumi na saba jibu likachelewa kidogo. Kisha simu ikalia, na Madam, ambaye sasa alikuwa amezoea, akaanza kusoma kwa sauti ile ile:

"Amos, waambie hao watu wapunguze majani. Nimebanwa na mkojo tangu saa sita na ufunguo wa choo uko chini kwa mwenye duka. Nikitoka hapa sirudi."

Alisoma yote. Nafikiri alikuwa ameshafika mwisho kabla maneno yenyewe hayajamwingia. Nyambura alikuwa na madirisha mawili kwenye kompyuta, moja la kujibu wakulima na lingine la kuniandikia mimi, na kwa uchovu akaandika kwenye lile lisilofaa.

Niliomba ardhi ya Keringet ifunguke, na kwa vile ilivyokuwa imelowa mvua haingekuwa kazi kubwa. Mama Chelangat ndiye aliyeongea kwanza.

"Kijana yangu, huyo ni mtu. Mwache aende kwanza, majani itangoja."

Hapo ndipo nilipomjua Madam Jerotich. Mtu mwingine angenigeukia mimi. Yeye hakuniangalia kabisa. Aliinamisha kichwa akaandika kwa kidole kimoja, nami nikaona kwa juu ya bega lake: "Nenda, mama. Tuko hapa, hatuna haraka." Akatuma. Ndipo akanigeukia.

"Mashine yenyewe iko wapi?"

"Nimeizima, Madam."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia mbele ya watu wote, hao hao waliokuwa wameleta majani kwa kofia, kwamba jani la barafu linaishinda na niliogopa aisikie ikisema haijui. Sauti yangu ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani. Hakunikemea. Akageuza ndoo, akaketi juu yake na nguo yake nzuri, akasema, "Iwashwe. Tuanze upya."

Nyambura aliporudi akaiwasha. Tukatuma majani yote kumi na saba tena. Mashine ikajibu karibu yote sawa na Nyambura, na matatu ikasema haina uhakika. Moja kati ya hayo matatu Nyambura, kwa ile haraka niliyomtia, alikuwa amesema ni ukungu. Mama Chelangat akalichukua mkononi.

"Hii ni barafu. Imenichomea Jumanne, nimeiona na macho yangu. Hiyo dawa ningenunua ya bure."

Tukapanda gari kurudi, tukafika karibu na Molo. Madam akasema, akiangalia barabara, "Mashine yako ningeiamini leo leo. Wewe ndiye sijui nikufanyie nini." Hakutoa pesa yoyote siku hiyo. Akanipa sharti: kila Ijumaa nimwandikie kile kilichoharibika wiki hiyo, na Nyambura asome kwanza kabla sijatuma.

Niliandika misimu miwili ya viazi. Kuna Ijumaa niliandika kwamba wiki hii hakuna kosa, Nyambura akairudisha: "Andika kwamba hatukutafuta." (Ningekuwa mimi ndiye huyo msichana, ningekuwa nimeshamwacha Amos zamani.) Halafu ikaja wiki mbaya kabisa, mashine ilimwambia mzee mmoja wa Kuresoi ang'oe robo ya shamba, na viazi vilikuwa vizima. Nilienda kwake, nikaketi naye, nikamwomba msamaha, nikamsaidia kupanda upya. Kisha nikamwandikia Madam yote, nikijua nimejichimbia kaburi.

Wiki iliyofuata akaja Lanet bila kutuambia, akapanda ngazi, akatia sahihi mkataba. Nilipomuuliza ni nini kilichomshawishi, akasema ni barua ile ya Kuresoi. "Yule mzee hana namba yangu, Amos. Usingeniandikia, nisingejua milele."

Nyambura alilia, mimi nikajifanya natafuta kalamu. Na tangu hapo nimeapa: sitazima mashine tena mbele ya mgeni yeyote, hata siku itakayosema haijui jina lake yenyewe.